Sauti Yangu Kwenye Simu za Watu

Ile sauti ni yangu. Kwa karibu mwaka mzima nilikana, dukani, msibani, hata mbele ya wanangu, ambao wameamshwa nayo kwenda shule tangu wadogo na hawakuhitaji ushahidi. Sauti ya mwanamke mtulivu iliyokuwa ikiwapigia watu simu kuanzia Kilwa hadi Lindi, ikiwauliza hali ya shamba, kisha ikiwaeleza faida za dawa ya nguvu za kiume, ilitoka kooni mwangu.

"Dada yangu," aliniambia mwenye duka la vitambaa hapa Kilwa Masoko, Mhindi ambaye hata babu yake alizaliwa mtaa huu huu, "jana umenipigia saa ya chakula. Simu kapokea mke wangu. Sasa nimweleze nini?"

"Si mimi."

"Basi ni pacha wako. Mwambie mke wangu anasema hatuhitaji."

Duka zima likacheka. Nami nikacheka, nikanunua kanga nisiyoihitaji ili nionekane sina wasiwasi.

Ilikuwa hivi. Vijana wa kampuni moja walikuja kutoka Dar wakitafuta watu wenye sauti ya kusini wawasomee sentensi, ili kompyuta ijifunze kuzungumza na wakulima wa korosho. Walinisifu. Walisema sauti yangu inaaminika. Na mimi, msomi wa chuo kikuu, niliyewahi kuandika makala nzima ya hasira kuhusu vigae na sarafu za Kilwa Kisiwani zilizobebwa kwenda makumbusho ya nchi za watu, nikakaa chumbani kutwa nikiwasomea, nikatia sahihi bila kusoma, nikapewa soda na doti ya kanga. Aliyeshukuru ni mimi.

Utani wa mtaani niliuvumilia. Nililoshindwa kulivumilia ni la mama. Mama anaishi Kinjumbi, macho yake yamechoka, na simu yake ni ile ndogo ya kubonyeza. Jina la anayepiga haoni, anajua watu kwa sauti. Baada ya kupigiwa na mwuza dawa mara kadhaa, akajiwekea sheria yake. Siku moja nikampigia.

"Mama, shikamoo."

"Ushindwe!" Akakata.

Nikarudia, akakata tena. Ikabidi nimpigie jirani yake aende kumwambia kuwa ni mimi kweli. Tangu hapo, ili kuzungumza na mama yangu mzazi nikawa nabishiwa hodi na mtu mwingine. Kisha jirani akasafiri, mama akaugua homa, na mimi nikaja kusikia ameshapona.

Nikaandika barua kwa kampuni. Sheria ya kulinda taarifa za mtu ipo, nikainukuu. Ilikuwa barua nzuri, niliisoma mara mbili kwa raha yangu mwenyewe. Hawakujibu.

Njia niliipata nilipokuwa nafuatilia sufuria. Huku kwetu sufuria kubwa za shughuli tunaazimana, na kila mwanamke hupaka ya kwake alama ya rangi. Ukiazima yangu kwa maulidi, huipeleki kwenye harusi ya shoga yako bila kuniuliza. Na asiyerudisha hatumiwi salamu za ukali. Unangoja afanye shughuli nyingine, unakwenda, unasalimia vizuri, unavuta kigoda na kuketi kando ya sufuria yako, watu wakikuona. Hakuna anayegombana. Jioni sufuria inaletwa nyumbani imesuguliwa. Nilikuwa nimeketi hivyo hivyo kwenye harusi ya watu, moshi ukiniingia machoni, nilipojiuliza kwa nini chombo changu najua kukidai na sauti yangu sijui.

Kampuni nayo ilikuwa na shughuli karibuni, uzinduzi wa huduma yake kwenye ukumbi mmoja wa Lindi, wakulima wamealikwa. Nikaenda. Nikakaa mbele, ubavuni mwa spika. Sauti ikawashwa, ikawakaribisha wageni. Ulipofika muda wa maswali nikaomba kipaza sauti.

"Assalamu alaikum, ndugu wakulima. Hali ya shamba?"

Ukumbi ukalipuka.

"Ndiye huyu!" mzee mmoja akapaza sauti. "Mama wa dawa!"

"Dawa si yangu, baba. Sauti ndiyo yangu. Niliwaazima kwa ajili ya korosho, basi. Nimekuja kuichukua."

Meneja, kijana wa suti, akatabasamu. "Mama, sauti ikishaingia kwenye mfumo inakuwa mali ya kampuni."

Mwanamke mmoja kutoka Rondo akasimama. "Na namba zetu nazo mali yenu? Mlituandikisha kwa ajili ya pembejeo. Mwuza dawa kazipata wapi?"

"Jibu, mwanangu!"

"Mrudishie mwenzako koo lake!"

Alijibu kwa maneno makubwa, wakamcheka. Mwishowe akajibu kama mtu: namba na sauti vyote walimpa mfanyabiashara mwenzao. Pilau ilikuwa tayari nje na hakuna aliyeinuka mpaka alipoahidi mbele ya wote. Namba zingeondolewa kwa mwuza dawa, na asiyetaka yake ibaki kwa kampuni ingefutwa. Sauti yangu isingempigia mtu tena. Wakiitaka kwa bei za korosho, mkulima ndiye atakayepiga akitaka, nami nitalipwa kila msimu, kwa mkataba nitakaousoma. Niliusoma. Nilifutisha vifungu viwili.

Hata hivyo ahadi za ukumbini nazijua. Niliamini nusu. Mwenye duka alipolalamika kwamba siku hizi simpigii, nikaamini robo nyingine. Kisha asubuhi moja nikajipa moyo, nikapiga Kinjumbi bila kumpitia jirani.

"Haloo."

"Mama, shikamoo."

Nilisikia kuku wake, na pumzi yake.

"Huuzi kitu?"

"Siuzi, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Marahaba," akasema. "Haya, mumeo hajambo?"