Ukuta wa Darasa la Kwanza

Kabla hajahamishiwa shule ya mtaani kwetu, mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa na sauti tamu ya kwaya. Hapa alipewa nusu ya chumba. Nusu ya pili ilikuwa ya darasa la pili, watoto wamepeana migongo. Yeye akifundisha kusoma, mwenzake anafundisha kujumlisha, na kila mmoja anapaza sauti kumshinda mwingine.

Fedha za ukarabati zilipokuja, alisimama kwenye mkutano akaomba ukuta wa kugawa chumba. Mwenyekiti wa wazazi alitaka vyoo. Mwalimu mkuu alitaka geti.

"Mwalimu, wewe vumilia kidogo," mwenyekiti alimwambia. "Wadogo hao hata mtihani wa taifa hawana."

Wakubwa hao wawili walivutana muhula mzima, wakafika mahali hata salamu hawapeani. Serikali ikachoka kungoja, ikazipeleka fedha shule nyingine.

Wakati huo sauti ya mwalimu ilikuwa imeshakauka. Daktari alimkataza kabisa kupaza sauti, naye mwalimu akahamishiwa stoo, kazi yake kugawa chaki na vitabu. Mwalimu mwingine hakuletwa. Mwenzake akabebeshwa watoto wote.

"Basi, habari ya ukuta imeisha yenyewe," mwalimu mkuu alisema, akacheka.

Mwalimu aliendelea kupanga vitabu, huku akimsikia mwenzake chumba cha pili akikohoa, akinyamaza kidogo, kisha akianza tena kupiga kelele.