Mgeni Aliyekuja Kunipima

Chuo kikuu kilinikubali mwezi uleule ambao watu wa msaada walitaka kuja kunitazama upya. Nilipokuwa mtoto, fedha za ulemavu zilikuwa zikiingia kwa jina la mama, nami sikujishughulisha kujua zinatoka wapi. Sasa umekuwa mtu mzima, wakasema, faili la mtoto linafungwa na linafunguliwa jingine, na lazima mtu aje nyumbani aone unaweza nini na huwezi nini. Akiridhika kwamba nahitaji, watanilipia msaidizi wa kunitayarisha asubuhi na kwenda nami chuoni. Asiporidhika, basi tena. Mama anatoka alfajiri kwenda kazini Matrah, upande wa pili wa Maskati, na gari la chuo halimsubiri mtu ambaye hajavaa.

Kuchanganyikiwa kwangu kulianzia hapo. Wiki chache kabla, chuo walikuwa wameniita kwenye mahojiano, wakaniuliza kwa upole mwingi kama nitamudu: masomo marefu, kuhama madarasa, kukaa kutwa mbali na nyumbani. Nikajibu naweza, naweza, naweza, mpaka mama akanifinya chini ya meza. Sasa ofisi nyingine ilikuwa inataka kunisikia nikisema siwezi. Nikamuuliza mama niseme lipi.

"Sema kweli," akanijibu.

Rahisi kwake. Kweli ya siku gani? Zipo siku mikono yangu inanisikiliza, nikanywa chai yangu na sahani ikabaki kavu. Zipo nyingine kifungo kimoja cha nguo kinanishinda mpaka nikalia kwa hasira. Miguu ndiyo haijapata kunisikiliza hata siku moja, lakini nayo ina ukaidi wake, leo inakaza, kesho inalegea. Nilizaliwa hivi. Madaktari wana jina lao refu; nyumbani kwetu Ghubra tunasema tu "mwili wake", kama vile wenzangu wana kitu kingine.

Kwenye kundi la simu la ukoo wetu, kila mtu alikuwa ameshakuwa mwanasheria. Mama mdogo akasema nikichukua posho ya mwanafunzi, hii ya ulemavu inakatwa palepale. Binamu yangu akasema hapana, zote mbili zinakwenda pamoja. Mwingine akaandika kwamba tumuachie Mungu, akatia na picha ya waridi. Niliizima simu nikiwa sijui hata ninachoomba ni haki yangu au ni hisani.

Siku ya ukaguzi, mama aliomba ruhusa atoke kazini mapema, akacheleweshwa. Nikabaki na bibi, mama yake mama, mzaliwa wa Unguja aliyekuja Maskati akiwa bado mwanamwali. Bibi ndiye aliyekuwa ananiamsha, ananiogesha, ananivalisha na kunisuka, tangu nilipokuwa wa kubebwa kwa mkono mmoja. Kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Nani angejua zaidi yake?

Mkaguzi alikuwa mwanamke kijana, abaya nyeusi isiyo na nakshi, kompyuta ndogo mkononi. Alisalimu kwa Kiarabu, bibi akamjibu kwa Kiarabu, akamwonyesha pa kukaa. Kila kitu kilikuwa kinakwenda kikazi. Kisha bibi akanigeukia mimi kwa Kiswahili, "Kaa vizuri, mwanangu, shela yako inakwenda upande," na yule mwanamke akatabasamu.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Marahaba! Aa, kumbe mwenzetu! Kwenu wapi, mwanangu? Mama yako mtoto wa nani?"

Haikuchukua muda wakagundua kwamba nyanya yake yule mkaguzi na bibi yangu walikaa mtaa mmoja Unguja, na kwamba kuna harusi moja wazee hao wawili wanaisikitikia mpaka leo. Basi mkaguzi akafa, akazaliwa mgeni. Ikaletwa kahawa, ikaletwa halwa, zikaletwa katlesi ambazo mama alikuwa amezitengeneza kwa ajili ya kesho. Kiti changu cha magurudumu kilikuwa kinabana miguu ya mgeni, bibi akakisukuma chumbani kwake na kufunga mlango. Nikabaki juu ya kochi, nanukia udi, nimevaa nguo ya Idi.

Yule mwanamke akajitahidi kurudi kwenye kazi yake, maskini. Lakini katikati ya tende na kahawa aliteleza akasema anaishi na mama yake na kaka yake ambaye bado hajaoa. Nikayaona macho ya bibi. Nayajua macho hayo, yameozesha nusu ya binamu zangu.

"Anaoga mwenyewe?" mgeni akauliza.

"Msafi huyu! Hata vumbi la dirishani linamkera."

"Na kuvaa?"

"Si umtazame mwenyewe alivyopendeza!"

"Jikoni je?"

"Mkate wa kumimina anaujua huyu, usimwone hivi."

Ninaujua, ndiyo. Ninaujua kwa kuula. Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga ukelele. Mgeni akanigeukia. "Na wewe mwenyewe unasemaje?"

Siku ile mikono yangu ilikuwa imeamua kunisikiliza. Nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa kwa vidole vyangu na hakikutikisika. Ningesema siwezi, na yeye ananiona naweza? Ningesema naweza, na bibi ndiye aliyenipachika hapo kochini kipande kwa kipande?

"Siku nyengine naweza," nikasema.

Akaguna, akatafuta mahali pa kuandika "siku nyengine", nafikiri hakupaona. Mama alifika wakati bibi anamlazimisha mgeni kuchukua bakuli la halwa, na mgeni anaapa kwamba kazini kwao hawaruhusiwi kupokea kitu.

Jibu lilikuja kwa simu. Mhusika anamudu shughuli zake za kila siku, hakuna haja ya msaidizi. Mama alilisoma kwa sauti akiwa amesimama jikoni.

"Sasa si wamemsifu?" bibi akasema.

Sijapata kumsikia mama akimpandishia mama yake sauti kabla ya siku ile. "Mama! Mtoto alikuwa wa kupiganiwa, wewe umekwenda kumuozesha!"

"Ulitaka nimwambie mtoto wa watu kwamba mjukuu wangu mkubwa mzima nnamvua nguo na nnamuosha? Kesho wajue Ghubra nzima?"

Nilikuwa nimewakasirikia wote wawili na sikujua nani nimkasirikie zaidi. Mama alitaka nionekane sijiwezi ili niende chuo. Bibi alitaka nionekane kamili ili nipate stara. Mimi nilitaka tu kusoma, na sikujua kwamba ili nisome lazima kwanza nivuliwe nguo kwa maneno mbele ya mtu.

Tulipinga lile jibu, tukaitwa ofisini. Mama alitaka twende wawili. Bibi akavaa abaya yake, akaenda kukaa ndani ya gari kabla yetu, na nani wa kumshusha?

Tulimkuta mwanamke yuleyule, safari hii yuko nyuma ya meza. Alimwamkia bibi vizuri, kisha akaweka mikono juu ya meza. "Bibi, nieleze asubuhi yenu. Tangu mnapoamka."

Bibi akaificha mikono yake ndani ya abaya. Halafu akanitazama mimi, hakumtazama mama. "Mwanangu, n'seme?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akasema. Alianza na namna anavyonigeuza kitandani, akaja bafuni, na yaliyofuata sitayaandika hapa. Aliyasema mara moja na yanatosha. Aliyasema kwa sauti ya chini, macho yake kwenye ukingo wa meza, na mimi nikaona aibu, na nikaona aibu kwa kuona aibu. Alipomaliza aliitoa mikono yake ndani ya abaya akaiweka mezani. Vidole vimevimba kwenye viungo, viwili vimepinda.

"Na hii haishiki tena," akasema. "Juzi juzi nilimwangusha."

Mama akageuka kunitazama. Hakuwa anajua. Nilikuwa nimemwambia nimejigonga mlangoni.

"Mbona siku ile ulisema anavaa mwenyewe, bibi?" yule mwanamke akauliza, bila ukali.

"Sikukwambia uongo, mwanangu. Nilikuwa nikituhesabu mmoja."

Nikakumbuka naweza zangu zote za kule chuoni, na mikono hii ilikuwa ndani ya kila moja.

Mwanamke akaandika kwa muda, akasema anadhani sasa ombi letu litapita. Kisha akanigeukia. Kwa kuwa mimi ni mtu mzima, ombi lazima litoke kinywani mwangu. Je, nataka mtu wa nje awe ananifanyia haya yote?

Jibu nilikuwa nalo tangu nyumbani. Lakini bibi alikuwa kando yangu, na mikono yake bado iko mezani.

"Nataka," nikasema. "Nataka mtu mwengine."

Bibi hakunitazama. Aliona shela yangu imeteleza, akaivuta, akaiweka sawa kichwani, akachukua pini ili aibane chini ya kidevu kama alivyofanya kila asubuhi ya maisha yangu. Pini ikamponyoka. Akaiokota, akajaribu tena, ikamshinda. Akamnyooshea mama ile pini.