Breki za Mbele za Kepher Obiero

Kepher Obiero alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai huko Kericho kwa miaka thelathini na moja. Alipostaafu hakurudi kwao kando ya Ziwa Victoria kama wenzake wengi. Yeye na mkewe Dorcus walinunua kishamba karibu na Chepilat, na nyuma ya zizi la ng'ombe akajenga banda la mabati. Humo akaanza kuunda gari.

Lilikuwa gari dogo la watu wawili, halina paa. Chasisi aliichomelea mwenyewe, injini ikatoka kwa gari lililopinduka, bodi akaikunja kwa nyundo. Baada ya miaka minne vilibaki vitu viwili tu: rangi na breki za mbele.

Breki hizo alikuwa nazo tayari, zimefungwa ndani ya gunia. Zilikuwa za dramu, zile za zamani ambazo vyuma vyake vya kubania, viitwavyo viatu, hubana kutoka ndani ya gurudumu, na zilitoka kwa pikapu ya Peugeot 404 aliyoimiliki pamoja na Aron, dereva wa trekta kwenye shamba la chai. Ujanani, siku zao za mapumziko, walibeba maziwa kutoka Kipkelion. Aron aliendesha akiimba nyimbo za kanisa kwa Kipsigis, Kepher akiwa nyuma ameshikilia mikebe, matope yakimrukia hadi masikioni. Wakifika mteremkoni Aron alinyamaza, akakanyaga breki mara tatu, kisha akaendelea na ubeti pale pale alipouacha. Pikapu ilipokufa, Aron alizitoa breki akaziweka. Mwaka juzi Aron naye alifariki, na mjane wake, Fancy, akamletea Kepher lile gunia.

Kwa hiyo Kepher alizifunga. Kila boliti aliyokaza ilimrudisha kwenye barabara ya Kipkelion.

Siku ya kulijaribu gari, Dorcus alikaa kando yake. Mvua ilikuwa imenyesha mchana. Walivuka dimbwi, na mbele kidogo, penye kona, Kepher akakanyaga breki. Gurudumu la kulia lilishika, la kushoto likateleza tu. Gari liligeuka kulia, likaacha barabara na kuingia kwenye michai ya jirani. Hakuna aliyeumia. Dorcus alitoa majani kwenye kitambaa chake cha kichwa.

"Baba Molly," alisema hatimaye, "Aron nilimpenda pia. Lakini na breki hizi sipandi tena."

Kepher alirudi bandani akaketi juu ya tairi. Ndipo akakumbuka jambo ambalo miaka ilikuwa imelifuta. Hata zamani zile breki zilivuta kulia. Zikilowa maji, Aron alikuwa akipindua usukani kushoto kabla ya kukanyaga, na mara mbili waliwahi kumwaga maziwa ya watu mtaroni. Walicheka sana, lakini walikuwa vijana na barabara ilikuwa tupu.

Asubuhi alipakia rimu moja kwenye gunia akaenda Sotik kwa Phanice, mama anayeuza vipuri vilivyotumika. Kepher alinyoosha kidole kwenye breki kubwa za diski zilizoning'inia ukutani.

"Hizo ni za gari gani, mama?"

"Za gari kubwa la milimani. Lako lina uzito gani, mzee?"

"Kilo mia sita hivi. Nimelitengeneza mwenyewe."

Phanice alimtazama upya. "Basi hizo ni kali mno. Ukizigusa kwenye tope, magurudumu ya mbele yatakwama na usukani hautageuza chochote. Hebu lete hiyo rimu."

Waliijaribu kwenye zile kubwa. Rimu ilikwangua chuma, haikuingia. Phanice akatoa breki za diski za gari dogo la kawaida. Rimu iliingia, ikabaki nafasi ya kidole kimoja.

"Zitakushurutisha kukanyaga kwa nguvu kidogo, kwa sababu hilo lako halina busta ya kuusaidia mguu," alisema. "Na uchukue masta silinda yake, ile inayosukuma mafuta ya breki. Usichanganye na ile ya zamani."

Alichukua vyote. Kazi ya kuzifunga ilimchukua wiki tatu, kwa kuwa ilibidi akate chuma na kutengeneza vishikio vipya. Alipomaliza aliyamwagia magurudumu ndoo ya maji, akateremka mlima, akakanyaga. Gari lilisimama katikati ya barabara, limenyooka.

Alikwenda nalo kwa Fancy, kwa maana aliona si vizuri asikie kwa watu kwamba breki za mumewe zilitolewa.

"Nimeziondoa, mama," alisema. "Zilitaka kutuua."

Fancy alicheka hadi akafuta machozi. "Aron mwenyewe alizilaani kila asubuhi. Mimi nilikuletea nikidhani utauza chuma."

Walikaa nje wakizungumza habari za pikapu, majina ya wenye maziwa na ya wale waliokwisha kufa, hadi chai ikapoa vikombeni. Kisha Fancy akaingia ndani kutafuta kitambaa cha kujifunga kichwani, maana alikuwa na safari ya soko la Chepilat, na hakutaka kwenda kwa miguu.