Mtaro wa Mama Jembe

Mkulima mmoja aliyebandikwa jina la Mama Jembe alikodi shamba ambalo mvua ikinyesha, hata vyura walilalamika. Mwenye shamba alimwambia kwa mdomo tu, "Chimba mtaro, dada. Siku ukihama nitakufidia." Mama Jembe akachimba mpaka viganja vikaota sugu. Maji yakapata njia, na mahindi yakastawi.

Siku ya kuhama ilipofika, bwana yule akakuna kidevu. "Fidia gani? Mkataba wetu hauna neno mtaro."

"Sawa, kaka," Mama Jembe akajibu. "Basi nahama na mtaro wangu."

Akashika koleo, akaanza kuufukia. Maji yakageuka, yakaingia banda la kuku la mwenye shamba. Kuku wakapiga mayowe, na mkewe akatoka jikoni mbio.

"Baba watoto, ahadi uliitoa mbele yangu nikianika nguo! Mfidie mwenzio kabla hatujaanza kufuga bata!"

Bwana akasalimu amri, akamtoa ndama jike. Mama Jembe akauzibua mtaro kwa moyo mkunjufu, kisha akashika njia akimvuta ndama mkaidi, huku akicheka peke yake.