Bunduki namba 22 niliisaini bila kuipima: ukweli kuhusu Konstebo Ogweno wa Rusinga

Wakuu, amani kwenu, nyinyi wa humu ndani na wale mnasoma bila ku-login.

Mimi ni mzee wa Suna, Migori. Nimevuka themanini na natype kwa kidole kimoja, kwa hivyo mnivumilie. Haya sikusimuliwa na mtu. Niliyafanya mimi, kwa mikono hii.

Kilichonitoa mafichoni ni uzi mmoja wa wiki jana. Vijana walikuwa wanatukanana humu kuhusu bunduki gani ni mil-spec, yaani ya viwango vya jeshi, na gani si mil-spec. Mmoja anasema ni aina ya chuma, mwingine anasema ni nchi imetoka. Nikacheka kidogo, halafu nikaweka simu chini, na chai ikanishinda.

Vijana, spec ni kipimo, na baada ya kipimo kuna mtu. Karatasi inasema nafasi iwe hivi, isizidi hivi, na chini yake kuna sahihi ya aliyepima. Huyo mtu akidanganya, chuma chote hicho mnachobishania ni bure.

Huyo mtu nilikuwa mimi.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru bado mbichi. Nilikuwa fundi wa silaha katika karakana ya kikosi fulani pale Homa Bay. Kikosi sitakitaja, na msinifuate inbox kuniuliza. Tulikuwa na bunduki ishirini na nne, zile za 303 walizoacha Waingereza. Ukipiga risasi moja, lazima uvute bolt kwa mkono ndio upige ingine.

Kwa wale hawajui, bolt ni kile chuma cha nyuma kinachosukuma risasi ndani na kufunga mlango. Kila bunduki ina namba yake, na bolt yake imegongwa namba hiyo hiyo, kwa sababu zililinganishwa pamoja tangu kiwandani. Ukiweka bolt ya bunduki ingine, inaweza kuingia na kufunga vizuri tu. Lakini unaweza kuwa umeacha nafasi nyuma ya risasi, nyembamba kama ukucha. Jicho haliioni.

Ndiyo maana kulikuwa na geji, vipande viwili vya chuma. Kwa kile cha kwanza, bolt lazima ifunge. Kwa kile cha pili, bolt lazima ikatae. Ikifunga kwa cha pili, bunduki hiyo inafungwa kitambaa chekundu na inakaa kando mpaka itengenezwe. Kazi ya dakika tatu.

Aliyenifundisha ni Sajini Mutiso, Mkamba mmoja mkali kama pilipili. Alikuwa anasema, "Bolt na bunduki ni bwana na bibi. Ukienda kuchanganya maboma ya watu, shauri yako!" Na kitu alichokataza kuliko vyote ni kuosha bolt nyingi ndani ya beseni moja.

Sisi sote tulikuwa tunaosha kwa beseni moja.

Wacha niwaambie kwa nini. Mkaguzi akija kutoka Nairobi, kitu cha kwanza anavaa glavu nyeupe na kupitisha kidole. Kidole kikitoka cheusi, umekwisha. Kwa hivyo kabla ya ukaguzi unajaza beseni mafuta ya taa, unatumbukiza bolt zote, unazisugua zing'ae, halafu unarudisha moja moja ukisoma namba. Mutiso alikuwa amestaafu, amerudi kwao Machakos. Nani angenigombeza?

Sasa, mkaguzi alikuwa aje Jumatatu. Mimi nilianza kuosha Ijumaa asubuhi.

Hapa lazima niwaeleze kitu. Mimi ni Msabato, nimezaliwa kwa Wasabato. Kwetu jua likizama Ijumaa, kazi imekwisha mpaka Jumamosi jioni. Mama yangu hata kuni alikuwa anapasua Ijumaa mchana. Wakubwa wa kambi waliniruhusu kwa shida, baada ya mchungaji kuandika barua mara mbili. Nilikuwa najisifu kwamba Sabato haijawahi kunikuta na grisi mikononi. Vijana wa kanisa waliniangalia kama mfano.

Kufika saa kumi na mbili na dakika kidogo, nilikuwa nimemaliza bunduki ishirini. Zilibaki nne.

Ndani ya karakana kulikuwa kumeanza kuwa giza. Namba za hizo nne zilikuwa zimelika, mpaka uzipeleke dirishani uzipake chaki ndio zisomeke. Nikaangalia beseni. Nikaangalia jua. Bado nilikuwa na safari ya kwenda nyumbani na kuoga.

Nikazipachika kwa kubahatisha, wakuu. Zote nne zilifunga, klak, klak, safi kabisa. Geji hata sikuitoa kwa sanduku. Nikachukua kadi nne, nikaandika "imepimwa, sawa", nikasaini.

Nikanawa, nikaenda nyumbani kabla jua halijazama. Na njiani niliimba. Hiyo kuimba ndiyo inaninyima raha mpaka leo.

Sasa Ogweno.

Konstebo Ogweno alikuwa mtu wa Rusinga, Mkatoliki, mrefu, mdomo haufungi. Tulikuwa majirani kwenye laini za askari. Ndiye alisimama nami siku ya harusi yangu. Bibi yake tulimwita Nyar Karungu, maana alikuwa binti wa huko Karungu, na sufuria yake na ya bibi yangu zilikuwa kama za nyumba moja.

Alikuwa ananitania kila wiki. "Omera, ndugu yangu, huyu Mungu wako anavaa saa ya mkono?" Lakini zamu yangu ya ulinzi ya Jumamosi ikifika, ni yeye alikuwa ananishikia ili niende kanisani. Mimi namshikia Jumapili aende misa. Hatukuwahi kukosana juu ya hiyo.

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu yangu. Yeye ndiye alikuwa ameishika.

Asubuhi mapema habari ilikuja kwamba kiboko ameua mama mmoja huko Rusinga, akitoka shambani. Wakatumwa askari wawili kwa boti ya injini. Ogweno alifurahi kwa sababu ni kwao, watu wake wangemwona na uniform.

Nilikutana naye nikienda kanisani, Biblia mkononi. Yeye anateremka kwenda gati, bunduki begani. Akaniambia, "Omera, nikirudi nakuletea mguu wa rao, huyo kiboko. Ama hata hiyo mmekatazwa?"

Tukacheka. Akageuka, na nikaona namba iliyopakwa kwenye kitako. Ishirini na mbili.

Ilikuwa moja ya zile nne.

Wakuu, nilisimama pale. Nilijua. Ningemwambia tu, ngoja kidogo, turudi karakana niipime. Dakika tatu! Boti isingemwacha. Lakini kushika geji ni kazi, na ilikuwa Sabato, na nilikuwa nimevaa suti. Nikajiambia imefunga vizuri, itakuwa sawa.

Nikamwambia, "Enda salama." Nikaingia kanisani, nikakaa mbele.

Kilichotokea nilielezwa na mwenzake aliyeenda naye. Waligawana, mmoja upande huu wa matete, mwingine upande ule. Watu wa kijiji walikuwa wamepanda mlimani wakiangalia. Kiboko akatokea upande wa Ogweno. Ogweno akampiga risasi ya kwanza ikampata, lakini haikumwangusha. Mnyama akamgeukia.

Watu walimwona Ogweno akivuta bolt na kusukuma. Anavuta, anasukuma. Bunduki hailii. Hakukimbia, alibaki amesimama pale pale akipigana na ile bolt.

Mwenzake alipozunguka matete na kumuua yule kiboko, Ogweno alikuwa amekwisha. Ogopa sana kifo cha kiboko, sitakieleza hapa.

Jumapili asubuhi bunduki ililetwa karakana. Nilikuwa peke yangu. Nikavuta bolt, nikachungulia ndani. Nusu ya ganda la risasi ilikuwa imebaki ndani. Ile nafasi nyembamba niliyowaambia ilikuwa imefanya ganda linyooke likakatika katikati. Kitako cha ganda kimetoka, sehemu ya mbele imekwama. Risasi ya pili ingeingia wapi?

Nikapaka chaki nikasoma namba ya bolt. Si yake. Nikaenda kwa rack, nikavuta ile ya 23. Bolt ya Ogweno ilikuwa humo, inang'aa, imelala tu.

Sasa sikilizeni nilichofanya, kwa sababu hapa ndipo nilimuua mara ya pili.

Nilitoa lile ganda. Nikarudisha kila bolt mahali pake. Nikapima kwa geji, namba 22 ikapita, nikafuta chaki. Ganda nikaliweka mfukoni.

Jumatatu mkaguzi akaja na glavu zake. Aliposikia kuna askari amekufa, akaipima ile bunduki yeye mwenyewe, mara mbili. Akaandika kwamba silaha imetimiza viwango vyote, na kwamba marehemu alishikwa na hofu akashindwa kuitumia. Karakana yangu ilisifiwa kwa usafi.

Nilikuwa nimesimama mita mbili kutoka kwake. Sikufungua mdomo.

Kwa mazishi tulivuka na jeneza kwa boti. Nilikuwa mmoja wa waliolibeba kutoka majini mpaka nyumbani. Ofisa mmoja akasoma ile ripoti mbele ya watu wote, na wale walioona akivuta na kusukuma wakaangaliana. Kumbe mikono ilikuwa inatetemeka. Kumbe ni woga.

Kisiwa ni kidogo. Jina likamshika, jaluor, mwoga. Askari wa serikali, mtu wa ziwa, ameshindwa na kiboko mbele ya kina mama. Watoto wake watatu walipelekwa shule wakaandikishwa kwa jina la babu yao, ili wasichekwe. Ogweno hakuna aliyebaki kuitwa kwa jina lake.

Hiyo ya watoto nilikuja kuijua baadaye na nikanyamaza tena. Mwaka uliofuata niliacha kazi, nikarudi Suna kutengeneza baiskeli na cherehani. Bunduki sijashika tena. Kanisani nilipewa uzee wa kanisa, nikakataa mara tatu, watu wakasema nina unyenyekevu. Unyenyekevu gani?

Mwaka huu nilimzika bibi yangu. Yeye ndiye nilikuwa naogopa ajue. Mwezi jana nikachukua lile ganda kwenye mkebe nilimolificha, nikaenda Rusinga. Siku hizi unavuka kwa gari, maji hata huyagusi.

Nyar Karungu bado yuko hai. Macho yamefifia lakini alinijua kwa sauti. Alinipokea kama shemeji, akaagiza samaki. Nikamwambia asiagize kitu kwanza. Nikamweleza yote, beseni, jua, gati, namba 23. Nikamwekea ganda mkononi.

Alilishika muda mrefu, akipitisha kidole pale lilipokatika.

Akaniuliza, "Siku ya mazishi ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na ukambeba?"

"Nilimbeba."

Akafunga ngumi juu ya lile ganda. Akasema, na hakupandisha sauti, "Mimi pia niliamini. Miaka hii yote nimekuwa nikimwonea aibu bwana yangu."

Nilipiga magoti, wakuu. Mzee mzima. Hakuniambia amenisamehe, na sikustahili kuuliza. Alisema kitu kimoja tu. "Waliosikia ule uongo ni wengi, na wametawanyika. Wewe uende ukaseme mahali watu wengi wanasikia. Useme na jina lake."

Samaki hakuletwa. Ganda alibaki nalo.

Ndiyo maana niko hapa.

Funzo langu ni fupi, na ni kwa mafundi wote, si wa bunduki peke yake. Fundi wa breki, wa lifti, wa dawa. Kama hujapima, usisaini. Na kama ulisaini, sema kabla mtu hajaondoka na hicho kitu begani. Siku hiyo Mungu hangenikasirikia kwa dakika tatu. Hilo nilijua hata pale pale.

Matusi yenu nayakubali, andikeni. Lakini nina ombi moja. Kama humu kuna mtu wa Rusinga, wa Mbita, wa popote, aliwahi kusimuliwa ile hadithi ya askari mwoga na kiboko, a-comment hapo chini aseme aliisikia wapi na kutoka kwa nani. Nitamjibu kila mmoja, hata kama ni kwa kidole kimoja.

Jibu langu litakuwa hili. Aliitwa Ogweno. Alisimama. Bunduki ndiyo ilikuwa mbovu, na niliisaini mimi.