Mbwa Aliyeitwa Mtaniomba

Mbwa wa Yudith Mazengo aliitwa Mtaniomba, na jina hilo halikumlenga mbwa. Lilimlenga jirani. Huku upande wa Zuzu, zamani, mtu aliyekuwa na neno na mwenzake hakwenda kupiga kelele mlangoni pake. Alimpa mbwa jina, kisha kila jioni akamwita kwa sauti ndefu, na wa kusikia akasikia. Siku hizi watu hutukanana kwenye simu na kufuta kabla hakujapambazuka.

Jirani mwenyewe alikuwa Sostenes, mwenye mbuzi themanini na mdomo wa kuwatosha wote. Miaka mitatu kabla ya mkasa wenyewe, alimkuta Yudith akiwajaribu watoto wa mbwa kwa njia aliyorithi kwa baba yake, mzee asiyejua kusoma lakini aliyeujua ukoo wa mbwa wake mpaka bibi wa saba. Watoto wakitimiza miezi miwili, hushindishwa njaa, halafu huwekewa uji wa uwele, na papo hapo mbuzi hupitishwa mbele yao. Anayebaki na uji hupewa mtu wa kulinda nyumba. Anayerukia mbuzi kwa meno hupewa mtu wa mbali sana. Anayeacha uji, akainama, akawazunguka mbuzi kimya kimya mpaka nyuma yao, huyo ndiye mbegu.

Siku ile kati ya watoto sita ni mmoja tu aliyeacha uji, jike jembamba la rangi ya udongo.

"Mama Erica," Sostenes alisema nje ya ua wa miiba, "mbwa asiyejua uji atajua nini? Unachagua wagonjwa."

"Huyu, yeyote atakayemwita, atamletea mbuzi wake."

"Siku nikikuomba hicho kimbwa, mvua itanyesha kutoka chini kwenda juu."

Jioni hiyo mtoto akapata jina.

Zamani kila zizi lilikuwa na mbwa wa ukoo huo. Kisha malisho yakakatwa viwanja, vijana wakataka mbwa wa kupiga naye picha, majike yakaachwa yazae na dume lolote lililopita. Mama yake Mtaniomba alipokufa, kwa Yudith alibaki huyo mmoja. Dume wa ukoo ule alimpata huko Makutupora, kwa mzee Uwesu aliyelinda zabibu, akalipeleka jike lake ndani ya tenga, juu ya pikipiki. Akarudi naye akiwa na mimba.

Sostenes naye alikuwa amenunua mbwa huko Ipagala, mkubwa kama ndama, mwenye karatasi ya ukoo yenye mhuri. Mbwa huyo aliuma mbuzi wawili wa watu. Kwenye mkutano wa kitongoji Sostenes akasimama na kusema wanaouma ni hawa mbwa koko. Shauri likakatwa: baada ya Pasaka, mbwa wa kienyeji asiyeonekana kazi yake atauawa. Yudith alirudi nyumbani akampa Mtaniomba uji wake mwenyewe. Ukoo wote wa mbwa wa baba yake ulikuwa ndani ya tumbo lile.

Mwezi wa pili, mchana mweupe, Yudith na wanawake wenzake walikuwa wakichota maji kwenye visima vya mchanga katikati ya korongo. Mbuzi wa Sostenes walikuwa humo humo wakiokota maganda ya migunga. Ndipo mngurumo ukasikika kutoka juu. Mbinguni hapakuwa na wingu. Mvua ilikuwa imenyesha huko milimani, na maji yalikuwa yakishuka na korongo. Wanawake wakapanda ukingo haraka, wakishikilia mizizi. Mbuzi hawakutoka, maana mbwa wa Ipagala alikuwa akiwabwekea usoni, nao wakajikunja kundi moja mchangani.

Sostenes alikuwa ng'ambo, kwenye mteremko, mahali pekee mnyama alipoweza kupanda. Upande wa Yudith ukingo ulisimama kama ukuta, na Mtaniomba alikuwa bado chini yake, mchangani.

"Mshike mbwa wako," Yudith alimpigia kelele. "Kisha mwite wangu."

"Mwite wewe!"

"Nikimwita mimi atawaleta hapa ukutani. Anamletea anayemwita. Mwite."

Sostenes alishuka, akamkamata mbwa wake shingoni, akamvuta pembeni. Miaka mitatu alikuwa akisema "kile kimbwa chako."

"We mbwa!" aliita.

Mtaniomba akamtazama Yudith. Yudith aliangalia tumbo lile lililoanza kushuka, akajua anachokituma majini. Akanyoosha mkono kuelekea mbuzi.

"Kwa jina lake, baba."

"Mtaniomba," Sostenes alisema, kama anayetema kokwa.

"Hajasikia. Na maji yanakuja."

"Mtaniomba! Mtaniombaaa!"

Mbwa akainama vilevile kama siku ya uji. Akazunguka kwa juu, upande ule ule maji yalikokuwa yakija, bila kubweka. Beberu akamgeuzia pembe; naye akamkazia macho tu, hatua moja, hatua nyingine, mpaka beberu akageuka, na wote wakamfuata kama uzi unaofuata sindano. Wa mwisho alipokanyaga mteremko, maji mekundu yalipita na magogo yake, na Mtaniomba akaruka nje, ameloa mpaka kifuani.

Themanini wote. Ng'ambo ya maji wanawake walipiga vigelegele, na bibi mmoja, Tabu, akasubiri vitulie ndipo akasema, "Baba, tumekusikia ukiomba."

Mkutano uliofuata haukuzungumzia tena kuua mbwa wa Yudith. Watoto walizaliwa watano. Siku ya uji Sostenes alifika wa kwanza, bila mbwa wa Ipagala.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mvua imenyesha kutoka chini?"

"Wewe weka uji."

Wawili waliacha uji. Yudith alibaki na dume, jike akampa Sostenes. Alimbeba ndani ya koti mpaka kwake, na jioni hiyo naye akampa jina.

Sasa jua likishuka Yudith huita upande wake, "Mtaniomba!" Na toka ng'ambo ya miiba sauti ya mwanamume hujibu, ndefu, bila haya, ikimwita mbwa wake: "Nimeombaaa!"