Kokushubira na Nyumba ya Pembe Nne

Inatangazwa kwa heshima zote, kwa watu wa Igurwa na majirani zao, kwa wenye mabati na kwa wanaosubiri mabati, kwamba elimu ya kupanga nyumba katika nchi hii ya Karagwe haikuletwa na misheni, wala na bwana shamba, wala na fundi yeyote aliyetembea na futi mfukoni. Ililetwa na mama mmoja mnene, mkulima wa migomba na kahawa, asiyejua kusoma, mwenye vidole vyeusi kwa utomvu wa ndizi mwaka mzima. Jina lake Kokushubira, mke wa Rwezaura. Wenye kofia wazivue.

Kwa miaka ishirini Kokushubira aliishi katika mushonge, ile nyumba ya mviringo iliyofunikwa nyasi kutoka kileleni hadi chini, na hakuna siku aliyojiuliza kitu gani kikae wapi. Moto katikati. Mbuzi upande wa kushoto. Mgeni wa heshima mbali na mlango, juu ya nyasi mbichi zilizotandikwa sakafuni. Nyuma ya mgeni ukuta wa matete, na nyuma ya matete mambo ya mama mwenye nyumba, ambayo hayamhusu mgeni. Nyumba ilijipanga yenyewe.

Halafu mwaka 1953 kahawa ikapanda bei, na Rwezaura akapanda nayo. Alikuwa amewahi kufanya kazi Uganda miaka miwili, akarudi na koti, na kioo kikubwa cha ukutani, na dharau kwa kila kitu cha mviringo.

"Mtu mstaarabu," alisema, "ana pembe."

Akamwita fundi Methodius, ambaye naye alikuwa amefika Uganda, ingawa hakuna aliyejua alifika wapi huko wala alikaa siku ngapi. Wakachora nyumba kwa kijiti mavumbini, wakashangilia mchoro wao, wakajenga. Sebule katikati. Chumba cha kulala kushoto, ghala kulia. Mlango wa mbele na mlango wa nyuma ikatazamana sawasawa, ili upepo upite. Jiko likawa kibanda cha nje, mkabala na mlango wa nyuma. Juu mabati, yanayong'aa mpaka ng'ombe wa jirani wakawa wanapita huku wamegeuza shingo.

Upepo ulipita. Vingine vyote vilikwama.

Siku ya kwanza Rwezaura alimtembeza mkewe ndani kama mtu anayemtembeza mkaguzi.

"Mgeni wa heshima ataketi wapi?" Kokushubira aliuliza.

"Mbali na mlango. Wewe mgeni wa leo?"

"Mlango upi?"

Rwezaura akatazama mbele, akatazama nyuma. Katika maisha yake yote nyumba ilikuwa na mlango mmoja, na mbali na mlango palikuwa mahali pamoja tu. Sasa kila alipokwenda mbali na mlango alikuwa anaukaribia mwingine. Alisimama katikati ya sebule kama kigingi cha mbuzi.

"Mbali na mlango mkubwa," aliamua mwishowe, akaviburuta viti mpaka ukuta wa nyuma, kando ya mlango wa kwenda jikoni. Na hapo ndipo balaa lilipoketi.

Maana baada ya wiki tatu wangekuja wageni wenyewe: ukoo wa Novatus kutoka Mabira, watu wa ng'ombe, kuja kumchumbia Dafroza, binti yao wa kwanza. Dafroza alimtaka Novatus na hakuficha. Ukoo wa Novatus ulimtaka pia, ila ulikuwa na msichana mwingine wa akiba, kutoka Kibingo, ambaye kwao kulikuwa na ng'ombe wengi, na wazee walikuwa wanatafuta sababu tu. Na sababu iliyo rahisi kuliko zote ni hii: mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Wakionana siku ya posa, wazee huinuka, huchukua fimbo zao, na maneno hayaendelei.

Sasa hesabu wewe. Kokushubira akikaa chumbani, mlango wa chumba unafunguka sebuleni, na kila chakula kitakachotoka jikoni lazima yeye akipokee, akionje, akipange. Akikaa jikoni, milango imenyooka, na mtu aliyeketi sebuleni anaona mpaka ndani ya chungu. Popote alipo, Novatus anamwona. Nyumba nzima ilikuwa imejengwa kama mtego wa kumnasia mama mkwe.

Dafroza alipolielewa hilo aliacha kula kwa siku mbili. Siku ya tatu alikula, lakini kwa huzuni.

Likaitishwa baraza. Alikuwepo fundi Methodius, na Kyomukama, dada yake Rwezaura, mjane mwenye ulimi usiolala.

"Tuzibe mlango wa nyuma," alisema Rwezaura.

"Halafu chakula kipite wapi?" aliuliza Kyomukama. "Kizunguke nyumba, kiingie mlango wa mbele, kiseme hodi? Tukiamkie shikamoo?"

"Kuna dirisha la chumbani," alisema Methodius. "Mama Dafroza anaweza kutokea pale."

Wote wakalitazama dirisha. Kisha, kwa adabu, wakamtazama Kokushubira. Kisha wakatazama chini.

"Fundi," alisema Kyomukama, "wewe ulipima dirisha au ulimpima wifi yangu?"

"Nilipima dirisha."

"Basi nenda kapime upande wa pili."

Kyomukama mwenyewe alikuwa na shauri la kizamani: wifi yake ajifunike shuka kuanzia kichwani, apite sebuleni kama mzigo unaotembea. Wakajaribu papo hapo. Kokushubira alijifunika, akapiga hatua nne, akagonga meza mpya, akaomba radhi kwa meza.

"Acha, mama," alisema Dafroza akiwa karibu kulia. "Hiyo ni meza."

Baraza likavunjika bila uamuzi. Methodius alikwenda zake akisema kwamba Uganda tatizo kama hili halipo, kwa sababu Uganda watu wana milango mitatu.

Asubuhi iliyofuata Kokushubira alichukua panga, akaingia katika mushonge ya zamani, ambayo Rwezaura alikuwa amepanga kuichoma moto. Alikata kamba moja moja, akaung'oa ule ukuta wa matete mzima, akaukunja kama mkeka, akaubeba kichwani mpaka nyumba mpya. Mumewe alimkuta ameusimamisha sebuleni, hatua mbili kutoka ukuta wa nyuma. Upande wa kushoto ulianzia kabla ya mlango wa chumba. Upande wa kulia uliacha upenyo mdogo wa kupitishia vikapu. Mlango wa chumba na mlango wa jikoni yote miwili ikawa nyuma ya matete.

"Nini hiki?" aliuliza Rwezaura.

"Matete."

"Nimevumilia matete miaka ishirini. Nimenunua mabati. Wewe unaniingizia matete chini ya mabati."

"Ndiyo."

"Watu wataniita mshamba."

"Nitayapaka udongo mweupe. Wageni wataegemea ukuta mweupe, baba Dafroza. Wa mbele yao watautazama."

Neno "watautazama" lilimwingia. Kokushubira akapaka udongo mweupe, akachora juu yake mistari myeusi ya msumeno kwa masizi na utomvu, na sebule ikapendeza mpaka Rwezaura akaanza kuwaambia wapita njia kwamba ndivyo ilivyokuwa kwenye mchoro tangu mwanzo. Juu ya saruji zikatandikwa nyasi mbichi, kwa sababu wazee wa Mabira waliona saruji tupu kuwa ni kaburi. Kilichobaki ni kioo. Rwezaura alikitundika kwenye ukuta wa mbele, juu ya msumari, kikiinama kidogo, ili wageni wajione walivyoketi kwa heshima. Hakuna aliyempinga. Alikuwa amekubali matete; kioo kilikuwa fidia.

Wageni walikuja mvua ikianza. Wazee sita, fimbo ndefu sita, na Novatus katikati yao, amevaa koti la kuazima, anatembea kama aliyebeba mayai. Msemaji wao alikuwa Kahigi, mjomba wake, mzee mwembamba aliyekagua nyumba kwa jicho la mtu anayekagua ng'ombe mgonjwa.

"Nyumba ina pembe nyingi, waitu," alisema, kwa heshima ya mdomoni tu.

"Nne," alijibu Rwezaura kwa fahari.

"Nimeziona."

Wakaketi, migongo kwenye matete. Rubisi, pombe ya ndizi, ikaja, wakanywa. Mvua ikapiga mabati na kila mtu akaanza kupiga kelele, ikawa posa inayosikika mpaka bondeni. Nyuma ya matete Kokushubira alitembea wima, bila shuka, chumbani kwenda jikoni na jikoni kurudi chumbani, mwepesi kama msichana. Alikuwa akimpokeza Kyomukama vikapu vya ndizi kwenye upenyo. Hakuna aliyemwona. Mambo yalikwenda hivyo mpaka kikapu cha nne.

Kikapu cha nne kilikuwa na kuku. Kokushubira alipokitoa, akachungulia. Angefanyaje? Huyu ndiye anayemchukua binti yake, na yeye mpaka sasa amemjua kwa kisogo tu. Akainua macho juu ya kisogo hicho, na mbele yake, ukutani, ndani ya kioo cha Uganda, akakutana na macho mawili ya Novatus yanamtazama.

Hapakuwa na pa kujificha. Alibaki ameshika kuku.

Novatus aliinuka. Kahigi akashika fimbo yake. Kijana akavua koti polepole, akatembea mpaka ukuta wa mbele, akalitundika juu ya kioo, akakifunika chote.

"Joto," alisema, akarudi kuketi.

"Joto gani?" aliuliza Kahigi kwa sauti ya kushinda mvua. "Mimi hapa natetemeka."

"Joto la kuposa, mjomba. Wewe umesahau, ni zamani."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akamwaga rubisi yake. Rwezaura alicheka kwa nusu mdomo, akiangalia koti la watu lililoning'inia juu ya fahari yake. Kahigi alikunywa, akaitazama tena ile mistari ya msumeno, akatafuta kosa na hakulipata. Kabla mvua haijaisha maneno yalikuwa yamekwisha, na Dafroza, aliyekuwa amejibana jikoni, alikula paja zima la kuku akiwa amesimama.

Habari ya kioo walijua watu wawili tu. Miaka miwili baada ya ndoa Kokushubira alimwambia Kyomukama kwa siri, na kufikia Jumapili walijua wote.

Kabla ya hapo lakini, uharibifu ulikuwa umeenea. Waliohudhuria posa walirudi makwao wakisema kwamba nyumba ya kisasa ina kioo, na kioo cha nyumba ya heshima huvishwa koti mgeni anapoketi. Mzee mmoja wa Kibingo alinunua kioo, akakivisha koti siku hiyohiyo, na mpaka alipokufa hakuwahi kuiona sura yake. Ule ukuta wa matete nao ukaigwa nyumba kwa nyumba, na fundi Methodius akawa anaujenga kwa malipo, akiuita ukuta wa Uganda.

Mwaka 1957 Mwalimu Yustus, kijana mwenye daftari na mpango wa kuandika maarifa ya wenyeji kabla hayajapotea, alipanda kilima mpaka kwa Kokushubira. Alimkuta anamenya ndizi. Akamwamkia shikamoo, akaketi, akafungua ukurasa mpya, akapiga mstari chini ya kichwa cha habari.

"Mama, nimeangalia nyumba kumi na moja zenye ukuta wako. Naona fikra kubwa. Naona umechukua mviringo wa mababu ukauweka ndani ya pembe nne za dunia mpya, ili vya kale na vya sasa vikae pamoja bila kugombana. Naomba uniambie kwa maneno yako mwenyewe: ulikuwa unawaza nini siku ile?"

Kokushubira alimaliza kumenya ile aliyoishika, akaitupa kwenye chungu.

"Nilitaka kufika jikoni."